Kambi ya mdahalo likizo ya Juni, Unguja: uzoefu wangu na wanafunzi kutoka Pemba

Kama mtoto wako amekuletea fomu ya kambi ya mdahalo na unajiuliza kama pesa zitakwenda bure, jibu langu ni mpeleke, ila uliza maswali mawili kabla hujalipa. Nitayafikia. Mie ni mlezi wa klabu ya mdahalo katika skuli moja ya sekondari Pemba, na likizo ya Juni nilivuka na wanafunzi wangu kwenda kambi ya wiki mbili mjini Unguja. Nililala huko huko, na karibu kila kipindi nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa na daftari langu. Jina la waandaaji siliandiki, kwa sababu nna ya kusifu na nna ya kulalamikia, na yote yatamfaa mzazi hata kama kambi anayoifikiria ni nyengine.

Ada ilikuwa shilingi laki moja na nusu kwa mwanafunzi, chakula na dakhalia, yaani bweni, ndani yake. Nauli ya boti kutoka Mkoani ni juu ya mzazi, na kwa sisi wa Pemba hiyo si pesa ya kuisahau kwenye hesabu.

Midahalo ya skuli zetu sote tunaijua. "Mwalimu ni bora kuliko daktari", "Kukaa dakhalia ni bora kuliko kwenda na kurudi". Mwenyekiti na kengele yake, mlolongo wa wasemaji, kila mmoja dakika mbili tatu, na mwenye methali nyingi ndiye mwenye makofi mengi. Kambini wanatumia mfumo wa mashindano ya dunia ya skuli za sekondari, yale yaliyoanza Australia mwaka 1988. Kila upande una wasemaji watatu, kila mmoja dakika 8, kisha kila upande unatoa hotuba ya kufunga ya dakika 4, ambayo lazima isemwe na msemaji wa kwanza au wa pili. Baina ya dakika ya kwanza na ya saba mpinzani anaweza kusimama na kuomba taarifa, yaani kumkatiza msemaji kwa swali au pingamizi fupi, na mwenye jukwaa ana hiari ya kumpokea au kumkalisha. Jaji anatoa alama 40 kwa maudhui, 40 kwa namna ya kusema, 20 kwa mkakati. Mada nyengine mnapewa saa moja tu kabla ya kuanza, simu zimewekwa pembeni. Watoto wangu siku ya kwanza walidhani dakika 8 ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Wengi walimaliza maneno dakika ya tatu wakabaki kuitazama saa.

Lakini mfumo unaweza kuusoma kwenye intaneti bila kulipa hata senti. Kilichonifanya nione pesa zimekwenda mahali pake ni kitu chengine kabisa: pale kambini hotuba haiishi ikishasemwa. Mtoto anasema, anaambiwa palipolegea, anapewa dakika kumi, anasimama tena na hotuba ile ile. Halafu tena.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu huu ndio ulionikaa zaidi. Mada ilitaka mkulima wa karafuu aruhusiwe kumuuzia amtakaye. Kwa asiyekuwa mtu wa visiwani, karafuu zetu hununuliwa na shirika la biashara la serikali, ZSTC, peke yake, na anayezivusha kwa njia nyengine amefanya magendo. Kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwao wana mikarafuu kwenye zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, alipangwa upande wa kupinga mada, maana yake alitetee shirika. Hotuba yake ya mwanzo ilikuwa tamu masikioni. Karafuu ni uti wa mgongo, karafuu ndiyo jina letu duniani, wazee wetu wametoka jasho. Darasa likapiga makofi. Mkufunzi, msichana ambaye mwenyewe bado yuko chuo kikuu, akamuuliza taratibu: "Haya yote hata mpinzani wako anayakubali. Sasa kwa nini mnunuzi awe mmoja?"

Mara ya pili akaja na bei. Akasema serikali ilishaahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, kwa hiyo mkulima mdogo wa Micheweni anajua atakacholipwa kabla hajatandika jamvi la kuanikia. Mkufunzi akamtupia jicho binti wa upande wa pili, naye akasimama: "Taarifa! Kama bei ni nzuri hivyo, mbona kuna karafuu zinavuka usiku?" Kijana akababaika. Akakaa. Akapewa tena dakika kumi. Mara ya tatu alijibu kwamba mlanguzi hulipa vizuri mwaka ambao bei imepanda, lakini mwaka ikianguka humuoni, na shirika linabaki na vituo vyake vile vile, linanunua hata makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwa ajili ya kukamulia mafuta. Hoja ilikuwa bado na matundu, na mie mwenyewe ningeipangua, lakini safari hii palikuwa na kitu cha kupangua.

Skuli hatuna muda huo. Kipindi cha klabu ni dakika arubaini na wasemaji kumi wanangoja zamu. Mtoto akishasema amesema, na udhaifu wake anaondoka nao mpaka muhula mwengine.

Waandaaji wamechukua mengi kutoka kambi za kiangazi za Marekani, wala hawakulificha hilo. Kule vyuo vikuu hupokea wanafunzi wa sekondari kwa wiki kadhaa, na katika mtindo wao mmoja nchi nzima hujadili mada moja kwa mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi kinakuwa msimu wa kukusanya ushahidi wa mada hiyo. Wakisimama wanausoma mbio, wanavuta pumzi kwa nguvu kama watu waliotoka kupiga mbizi. Tulioneshwa video, watoto wakacheka mpaka mkufunzi akaizima. Ratiba kali na ule utaratibu wa kurudia ni vitu vizuri kuviiga. Walichokiiga bila kukipima ni kijitabu cha ushahidi. Mada ya mifuko ya plastiki, kwa mfano, ilikuwa na kurasa juu ya kurasa za California, na hata mstari mmoja wa Zanzibar sikuuona, na hali sisi tulipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara kufanya hivyo Juni 2019. Ushahidi uko sokoni Darajani, kamuulize muuza samaki alikuwa akifungia nini zamani na sasa anafungia nini. Nililisema hili kwenye kikao cha walimu na waandaaji walilipokea vizuri. Tutaona mwakani.

Sasa lugha, na hapa ndipo nilipo na ugomvi nao. Kambi yote ni Kiingereza. Sipingi moja kwa moja. Mashindano makubwa yanafanywa kwa Kiingereza na masomo mengi ya sekondari tunayafundisha kwa lugha hiyo. Lakini ukimweka pamoja mtoto wa skuli ya kulipia ya mjini na mtoto wa skuli ya serikali ya shamba, kisha ukatoa alama 40 kwa namna ya kusema, baadhi ya matokeo umeshayaandika kabla hawajafungua midomo. Kulikuwa na usiku mmoja tu wa Kiswahili, karibu na mwisho, na uliwekwa kama burudani. Binti mmoja wa Wete, ambaye tangu mwanzo alikuwa wa chini kwenye ubao wa alama, alisimama msemaji wa tatu, ambaye kazi yake kubwa ni kujibu ya wenzake wa upande wa pili. Aliwachukua hoja moja baada ya moja kwa mpangilio walioutoa wao wenyewe, akaonesha wapi msemaji wao wa pili amempinga wa kwanza, na akakaa akiwa na sekunde za kusaza. Jaji mmoja alinigeukia akauliza huyu alikuwa wapi siku zote. Alikuwa hapo hapo, bwana, darasa la tatu kutoka mlangoni.

Kesho yake asubuhi binti yule alizungumza Kiingereza vizuri zaidi kuliko siku zote zilizotangulia. Ndiyo maana nasema ule usiku wa Kiswahili ungekuwa mwanzoni, wajue kwanza kwamba hoja wanazo.

Majaji hawakuwa sawa. Wengine walikuwa na karatasi zilizojaa mishale na walikueleza hoja ipi ilibaki bila jibu. Wawili watatu walikuwa wa "ongeza kujiamini", na mtoto akiuliza aongeze vipi, wanarudia hayo hayo kwa sauti ya juu zaidi.

Siku waliyotupeleka Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu Juni ni wakati wa bajeti na watu wanabishana kweli. Kila mwanafunzi alipewa kazi ya kuchagua hoja moja na kuandika nani ameijibu na nani ameikwepa. Waliyoandika siyasemi hapa.

Kuhusu makazi: dakhalia ya wasichana ilikuwa na matroni na geti linafungwa mapema, wazazi wasiwe na wasiwasi hapo. Ratiba ilisimama kwa sala zote bila ya mtu kuomba. Boflo na chai asubuhi, wali na maharage mchana, samaki mara kwa mara, na jioni moja tulichangishana tukala urojo. Feni zilikuwa chache na maji yalikatika.

Yale maswali mawili basi. La kwanza, mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi, na je, wakufunzi wote watakuwepo tangu siku ya mwanzo? Sisi tuliahidiwa wanafunzi wanane kwa mkufunzi mmoja. Wiki ya kwanza walikuwa karibu mara mbili ya hao, kwa kuwa baadhi ya wakufunzi walikuwa bado kwenye mitihani yao ya chuo, na kurudia hotuba mara tatu hakuwezekani watoto wakiwa wengi hivyo. Wiki ya pili ndiyo iliyolipa ada. La pili, kuna vipindi vingapi vya Kiswahili, na vinahesabiwa kwenye alama? Kama jibu ni hakuna, mtoto ambaye Kiingereza chake bado kizito mpelekeni akiwa kidato cha tatu au cha nne. Wa kidato cha kwanza abaki nyumbani kwanza, aje klabu.

Na klabu yetu nimeshaibadilisha. Siku hizi wanasema wanne tu kwa kipindi, kila mmoja mara mbili, na waliobaki wanaandika hoja ambazo hazikujibiwa. Wadogo wamenuna, wanasema zamu zao haziji.