Kibebeo cha Pikipiki Nyuma ya Gari: Kipi cha Kununua, na kwa Gari Lipi

Pikipiki ya motokrosi haina taa wala kibali cha kutembea barabarani, na mwenye kuimiliki Marekani au Canada mara nyingi anaishi mbali na njia za porini zinazoruhusiwa kuendeshwa, kwa hiyo hana budi kuibeba kwa gari. Kibebeo kinachochomekwa kwenye kipokeo cha mraba, yaani tundu la chuma lililofungwa kwenye chesi chini ya bampa la nyuma ili kuvutia trela, humvutia kwa sababu zinazoeleweka: hakina matairi ya kutunza, hakichukui nafasi ya kuegesha, na safari ikiisha husimamishwa ukutani. Matangazo ya vibebeo hivi humtaka mnunuzi aulize kwanza kibebeo kinabeba kilo ngapi. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni gari lenyewe linaruhusu kukandamizwa kwa kilo ngapi mahali pale, na jibu lake huwaondoa wanunuzi wengi sokoni kabla hawajatoa hata senti.

Vipokeo vya Marekani hupangwa kwa madaraja. Daraja la I na la II huwa na tundu la inchi 1.25, na uzito wa wima unaoruhusiwa juu yake hufikia pauni 200 na pauni 350. Daraja la III lina tundu la inchi 2 na hufikia pauni 800, na la IV pauni 1,000. Hata hivyo, daraja ni sifa ya kipokeo peke yake. Gari nalo lina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni takribani asilimia 10 ya uzito wa trela linaloruhusiwa kuvutwa, na kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Fundi anaweza kufunga kipokeo cha daraja la III kwenye gari dogo, bolti zikaingia na kila kitu kikapendeza machoni, ilhali chesi haijapata nguvu mpya hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kibebeo cha chuma cha pikipiki moja huwa na uzito wa karibu kilo 40, na cha alumini karibu nusu yake. Matoleo mengi ya Toyota RAV4 huvuta trela la pauni 1,500, kwa hiyo uzito wa wima ni pauni 150, sawa na kilo 68. Gari hilo halifai kubeba hata Honda Grom yenye kilo zipatazo 103. Toyota Sienna huvuta pauni 3,500, na kikomo chake cha wima ni kilo 159. Pikipiki ya motokrosi ya kilo 105 haivuki kikomo hicho, hata juu ya kibebeo cha chuma, lakini Honda CRF300L yenye kilo 142 inavuka kikomo hata kwenye kibebeo cha alumini, kwa sababu 142 na 20 ni 162, na bado hujahesabu mikanda. Toyota Highlander inayovuta pauni 5,000, yenye kikomo cha wima cha kilo 227, huichukua CRF300L kwa nafasi ya kutosha na huipokea Suzuki DR650 ya kilo 166 kwa nafasi finyu. Kawasaki KLR650, inayozidi kilo 200, haiwezi.

Halafu kuna jambo ambalo halionekani kwenye karatasi ya bidhaa. Pikipiki haikai mahali pa mpira wa kuvutia, yaani tufe la chuma linaloshikiwa na trela. Hukaa nyuma zaidi, na kila sentimita inayoongezeka huzidisha nguvu inayokishusha kipokeo na kuinyanyua pua ya gari. Tuchukue gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 3, na mzigo wa kilo 180 uliokaa mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 84, na ya nyuma itaongezewa kilo 264, si 180. Usukani utakuwa mwepesi, breki za mbele zitapoteza sehemu ya mshiko wake, na taa zitamulika macho ya wanaokuja badala ya barabara. Kwa sababu hiyo napendekeza kubakiza angalau sehemu moja ya tano ya kikomo bila kutumika, na kusoma pia kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwani uzito wa abiria na mizigo yote ulioandikwa pale unajumuisha pikipiki pamoja na watoto wa kiti cha nyuma.

Kwa yule ambaye hesabu yake imekubali, nafasi ya kwanza naipa kibebeo cha chuma cha pikipiki moja, chenye mfereji wenye kina ambao tairi haliwezi kuruka, na rampu inayojishikiza kwenye kibebeo chenyewe badala ya kuegemezwa tu. Rampu iliyoegemezwa huteleza wakati ule ambao mikono yote miwili imeshika pikipiki. Haul-Master inayouzwa na Harbor Freight hukadiriwa pauni 400, na Black Widow MCC-600 pauni 600. Tofauti hiyo haina maana kwa mwenye gari lenye kikomo cha wima cha pauni 500, ila kibebeo chenye kadirio kubwa kwa kawaida huwa na bomba nene na hakitikisiki sana. Cha bei ya chini kinatosha kwa pikipiki ya kilo 100 na safari za lami. Anayepita barabara za mawe alipie kile kizito.

Cha alumini nakiweka nafasi ya pili, ingawa kwa mwenye Sienna na pikipiki ya motokrosi huenda kikawa cha kwanza, kwa kuwa kilo 20 zinazookolewa ni nyingi pale kikomo kinapobana, na mtu mmoja hukifunga bila kuomba msaada. Kasoro yake ni uchovu wa metali. Chuma kinachotikiswa chini ya kiwango fulani huweza kudumu muda mrefu mno bila kupasuka, lakini alumini haina kiwango cha namna hiyo. Kila mtikisiko huhesabiwa, na ufa huanzia kwenye mshono wa kuchomelea. Kwa barabara mbovu nisingekichagua.

Nafasi ya tatu ni trela dogo, na hapa niseme wazi kwamba kwa pikipiki inayozidi kilo 160 trela linapanda hadi nafasi ya kwanza bila mpinzani. Trela la kilo 150 lenye pikipiki ya kilo 250 hukandamiza kipokeo kwa kilo 40 hadi 60 tu, kwa sababu uzito mwingi uko kwenye matairi yake, na hata RAV4 huweza kulivuta. Gharama zake ni usajili, maegesho na ugumu wa kurudi nyuma. Anayesafiri mara mbili kwa mwaka hana haja ya kulinunua, kwani U-Haul hukodisha trela lililotengenezwa kwa pikipiki, lenye rampu na mahali pa kubania gurudumu la mbele.

Wenye pikapu huuliza kwa nini wanunue chochote. Mara nyingi hawana sababu: bodi ya nyuma ya pikapu hubeba mzigo karibu na ekseli, na hilo ni bora kuliko kibebeo chochote. Kinachowafanya wengine watafute kibebeo ni bodi fupi ya pikapu yenye milango minne, ambayo huishia mita moja na nusu ilhali pikipiki ina mita mbili na zaidi, au kimo cha kupandisha pikipiki kinachofika kiunoni.

Vibebeo vya pikipiki mbili siviungi mkono isipokuwa kwa pikapu kubwa, maana ile ya pili huning'inia mbali zaidi. Cha mwisho kabisa ni kile kinachonyanyua gurudumu la mbele tu na kuliacha la nyuma lizunguke barabarani. Bei yake hushawishi, lakini katika pikipiki nyingi sehemu za giaboksi huzunguka bila oili kusambazwa wakati injini imezimwa, hivyo mnyororo lazima uvuliwe kila safari.

Msomaji aliye Ulaya asinunue kwa kufuata ushauri wa Marekani, kwa sababu huko magari huvuta kwa mpira wa milimita 50, na uzito wa wima wa magari mengi ni kati ya kilo 75 na 100. Hiyo ni nafasi ya skuta nyepesi, si ya pikipiki ya porini. Afrika Mashariki nako mpira ndio uliozoeleka, na vingi kati ya vyuma vya kuvutia huchomelewa na mafundi wa mtaani bila kibao chochote cha uzito. Bajaj Boxer au TVS HLX huzidi kilo 100, na huko kuikodia pikapu au kirikuu ni uamuzi wa busara kuliko kumwagiza fundi atengeneze kibebeo kwa kukisia.

Unapolipa, hakikisha kibebeo kinakuja na kibano cha kuzuia mtikisiko kati ya bomba lake na kipokeo, na kwamba pini ni ya inchi 5/8 kwa tundu la inchi 2. Pima kama kitaziba taa na kibao cha namba. Vikizibwa, utahitaji ubao wa taa za ziada. Angalia pia bomba la moshi linaelekea wapi, kwa maana moshi wa moto ukipulizia tairi la pikipiki kwa saa nzima huliharibu. Mikanda minne ya racheti hununuliwa kando, pamoja na vitanzi laini vya kuzungushia usukani. Ile ya mbele ikazwe mpaka shokapu zishuke kama nusu, stendi ikiwa imekunjwa, kisha ikaguliwe tena baada ya kilomita chache.

Kibebeo kilichotumika ni nafuu, lakini kikaguliwe mchana. Kwaruza rangi pale bomba la mraba linapokutana na mfereji, utafute ufa kwenye mshono, na uchungulie tundu la pini: likiwa limepanuka na kuwa na umbo la yai, kibebeo hicho kimekuwa kikicheza kwa muda mrefu, basi mwachie mwenyewe.