Msimbopau kwenye stoo ya kemikali: ununue upi, na nani asinunue kabisa

Tanga ina saruji Pongwe, chokaa Amboni, mashamba ya mkonge kuelekea Muheza na Korogwe, karakana za kuchomelea na bandari. Karibu kila sehemu ya hizo pana chumba chenye kufuli, na humo ndani mna tindikali ya betri, magunia ya kostiki, mapipa ya klorini ya unga, viuatilifu, thina au mitungi ya gesi. Wenye vyumba hivyo siku hizi wanauliza swali moja: tuendelee na leja, au tuweke msimbopau, yaani alama ya kubandika inayosomwa kwa skana au simu?

Kabla ya kufungua pochi, simama mlangoni mwa stoo yako. Kama unaweza kuhesabu kila chombo hapo uliposimama, usinunue kitu. Nunua leja nzuri na kadi za kuning'iniza. Ushauri huu hautampendeza muuzaji wa mifumo, lakini stoo yenye madumu kumi na mtunzaji mmoja mwaminifu haina tatizo ambalo skana italitatua.

Kwa waliobaki, huu ndio mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza: QR, namba moja kwa kila chombo

Msimbo wa QR, ule wa mraba wenye vidoti, ulibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, na sifa yake kubwa kwa stoo chafu ni kwamba unavumilia kuharibika. Ukiuchapa kwa kiwango cha juu cha marekebisho ya makosa, kiwango H, karibu asilimia 30 ya msimbo inaweza kufutika au kuchafuka na bado ukasomeka. Simu janja ya kawaida inausoma, kwa hiyo unaweza kuanza bila kununua skana.

Ndani ya msimbo weka namba ya chombo tu, na namba hiyohiyo ichapwe pembeni kwa tarakimu kubwa ili mtu aisome kwa macho siku simu ikizima. Usiweke anwani ya tovuti. Mtandao ukikatika, au kampuni ya mfumo ikifunga duka, stika zako zote zinageuka mapambo. Jina la kemikali, tarehe ya kufika, tarehe ya mwisho, rafu na kiasi kilichobaki vikae kwenye kompyuta yako, hata kama ni jedwali la Excel.

Watu huanza kwa kuulizia skana. Wewe anza na stika, maana ndiyo itakayokuangusha. Stika za karatasi ya joto, zile za risiti na za mizani ya supamaketi, hazifai hata kidogo: jua na mvuke wa thina huzifuta. Tafuta stika ya plastiki, poliesta au polipropilini, na printa ya utepe. Tepe ziko za nta, za mchanganyiko na za resini. Ya resini ndiyo ghali na ndiyo ya kununua, kwa sababu inahimili kemikali na mikwaruzo. Kama mapipa yako yanasafiri kwa meli, omba stika iliyopimwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 5609. Kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini zinataka alama ziendelee kutambulika hata baada ya kuzama kwenye maji ya bahari kwa miezi 3 au zaidi.

Usikubali kuambiwa tu. Omba stika chache za majaribio, zibandike kwenye pipa tupu, zipanguse kwa kitambaa chenye dizeli, kisha chenye thina, kwaruza kwa ukucha, ziache uani zipigwe na jua na chumvi ya upepo wa Tanga. Zikisomeka baada ya hapo, ndipo mzungumzie bei.

Bandika ubavuni mwa pipa, juu ya usawa wa kiuno. Kamwe usibandike kwenye kifuniko: vifuniko hubadilishana, na ukishabadilisha kifuniko umebadilisha kemikali kwenye kompyuta. Mitungi ya gesi huviringishwa na kugongana, stika haidumu. Iwekee kibati cha kuning'iniza shingoni.

Panapovuja ni kwenye kumimina

Mfumo wowote utakaonunua, mtihani wake ni huu. Kijana kutoka karakana anakuja dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa nini?"

"Tindikali, lita moja tu."

"Chombo kiko wapi?"

Anatoa chupa ya maji ya kunywa.

Mzee akimmiminia, pipa litabaki na msimbo wake safi, kompyuta itaonyesha lita zilezile za asubuhi, na mahali fulani mjini pana chupa ya maji yenye tindikali isiyo na jina. Hakuna skana inayoiona. Dawa yake ni rola ya stika ndogo zilizokwisha kuchapwa, zenye namba zinazorejea kwenye pipa mama na zenye alama ya hatari, na amri moja kwamba hakuna kinachovuka dirisha bila stika. Chupa ya maji, hapana, hata kwa mtoto wa bosi. Muulize muuzaji: "Mfumo wako unafanyaje nikigawa pipa moja kwenye madumu sita?" Akianza kubabaika, mshukuru na umsindikize.

Na tuelewane: msimbopau haukai badala ya lebo ya hatari. Ile michoro ya almasi yenye ukingo mwekundu, jina la kemikali na maneno ya tahadhari lazima yabaki, kwa sababu mtu aliyerukiwa na kostiki machoni hatafuti simu. Vilevile, askari wa Zimamoto ukiwaita kwa 114 hawatakuja kuskani. Chapa orodha ya kilichomo na ramani ya rafu kila wiki, na uiweke kwenye kibanda cha mlinzi getini.

Nafasi ya pili: leja na kadi

Ndiyo, naiweka juu ya msimbopau wa mistari. Leja haihitaji umeme, na mkaguzi wa Mkemia Mkuu wa Serikali anaweza kuifungua na kuisoma papo hapo. Udhaifu wake unajulikana: haikukumbushi. Klorini ya unga hupoteza nguvu kwenye joto, na leja haitapiga kelele kwamba pipa la nyuma ndilo lililotangulia. Wala haitakuambia kwamba mtu ameisogeza karibu na tindikali, na viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini.

Ila kompyuta nayo ikikumbusha bila mtu kufanya kitu ni kazi bure. Beirut, Agosti 2020, shehena ya amonia naitreti iliyopokewa ikiwa tani 2,750 ililipuka bandarini baada ya kukaa ghalani miaka kadhaa, na barua kuhusu mzigo huo zilikuwa zimeandikwa na kupokewa. Ilijulikana ni nini na iko wapi.

Nafasi ya tatu: msimbopau wa mistari

Skana zake ni rahisi kutumia, unachomeka USB na inaandika kwenye jedwali kama kibodi. Lakini ile mistari iliyokuja na bidhaa kutoka kiwandani kwa kawaida inataja aina ya bidhaa tu. Mapipa ishirini ya dawa moja yana namba moja, kwa hiyo huwezi kujua lipi lilifunguliwa Machi. Unaweza kuchapa mistari yako mwenyewe, ila mkwaruzo mmoja mrefu unaoifuata unaweza kuiua. Duka la pembejeo linalouza viuatilifu vikiwa vimefungwa ndilo pekee ningelishauri lianzie hapa, mradi liandike pia namba ya toleo na tarehe ya mwisho.

Nafasi ya nne: RFID

Hii ni tegi ndogo inayosomwa kwa mawimbi ya redio, bila skana kuiona. Inavutia sana kwenye maonyesho. Tatizo ni kwamba chuma na vimiminika huvuruga mawimbi yake, na stoo ya kemikali ni chuma kilichojaa vimiminika. Zipo tegi maalumu za kubandika kwenye chuma, bei yake ni nyingine. Waachie wenye maghala makubwa.

La mwisho kwenye bajeti: penye mvuke wa petroli au thina, simu ya kawaida haiingii. Vifaa vilivyothibitishwa kwa maeneo ya mlipuko vipo, na ni ghali mno. Njia ya bei nafuu ni meza nje ya mlango, mahali penye hewa, ambapo kila kinachoingia na kutoka kinaskaniwa kikiwa kimefungwa.