Kingamwili za maabara: ipi ununue kwanza

Jamani mnaofanya ELISA na western blot, vile vipimo vya kutafuta protini kwenye sampuli kwa kutumia kingamwili, kabla hujatuma oda kumbuka kichupa cha mikrolita 100 kinaweza kumeza hela yote ya vifaa ya mwezi, na bado ungoje mzigo utoke airport ukiwa na barafu yake.

Namba moja kwangu ni rikombinanti, sina mjadala. Zinatengenezwa kwenye seli kwa kufuata jeni inayojulikana, kwa hiyo kichupa cha leo na cha miaka mitano mbele ni kitu kilekile. Mwaka 2023 kikundi cha watafiti cha YCharOS kilitoa matokeo ya kingamwili 614 za kibiashara kwa protini 65, wakilinganisha seli za kawaida na seli zilizoondolewa jeni ya protini husika, na rikombinanti ndo zilizoongoza. Picha ya aina hiyo ndo uitafute kwenye ukurasa wa bidhaa, mstari wa protini upo kwenye seli za kawaida, kwenye zilizoondolewa jeni haupo. Kama hawana, omba, wakikwepa tafuta kampuni nyingine.

Namba mbili ni monokloni za panya, yaani kingamwili za aina moja kutoka ukoo mmoja wa seli, njia ya wanasayansi Köhler na Milstein ya 1975. Ziko poa, ila seli zinazozizalisha zinaweza kufa au kubadilika. Kwa ELISA ya sandwichi, ambayo kingamwili mbili zinashika protini moja, nunua jozi iliyokwisha kujaribiwa pamoja, maana zote mbili zikigombania sehemu moja ya protini hupati kitu.

Mwisho polikloni, yaani mchanganyiko wa kingamwili kutoka damu ya mnyama. Sisi tulikuwa na ya sungura, mstari mmoja safi pale kDa 50 (kDa ni kipimo cha ukubwa wa protini), ikaisha tukaagiza namba ileile ya katalogi, loti mpya, mstari ukahamia 70 na pale 50 peupe kabisa, wiki tatu tunalaumu sampuli zetu bure! Sungura mwingine, damu nyingine. Ila kama kingamwili ya pili, ile inayoshika ya kwanza na kubeba kimeng'enya cha kuonyesha matokeo, polikloni inafaa sana.

Soma pia kilichochanganywa ndani. Sodiamu azidi, inayowekwa kuzuia bakteria, inazuia HRP, kimeng'enya kinachobebwa mara nyingi na kingamwili ya pili, na kama utaunganisha rangi mwenyewe chukua isiyo na BSA (protini ya damu ya ng'ombe) wala gliseroli.

Ikifika igawe kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo, na usiiweke kwenye friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, ile joto lake linapanda na kushuka kila siku hata umeme usipokatika.