Viatu na nguo za kukaa vizuri mwilini: maduka ya Ufaransa, la kwanza hadi la mwisho

Mama alipokuja kunitembelea Lyon mwezi wa Novemba, siku ya pili tu vidole vilikuwa vimechubuka. Viatu alivyokuja navyo vilikuwa vya kanisani, na mawe ya vichochoro vya Vieux Lyon, mtaa wa zamani wa mji, hayana huruma. Tangu hapo kila mgeni wangu naanza naye kwenye viatu.

Pa kwanza kabisa ni duka la viatu la mtaani, wanaloliita chausseur. Bei iko juu, lakini muuzaji anakupima mguu, anatoa jozi tatu nne stoo, kisha anabonyeza ncha ya kiatu aone kidole gumba kimefika wapi. Nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene uvae kabisa. Namba ni zile zile tulizozoea, 39, 40, 41, ila kati ya namba na namba kuna kama milimita 6.7, kwa hiyo ukiona moja inabana na nyingine inapwaya, omba demi-pointure, yaani nusu namba. Kwa mzee au mwenye miguu inayouma, mwambie muuzaji akuonyeshe viatu vya Mephisto, kampuni iliyoanza 1965 huko Sarrebourg. Paraboot, viatu vya mkoa wa Isère, zina soli nene ya mpira, zinadumu na hubadilishwa soli, ila mwanzoni ni ngumu. Mgeni wa wiki mbili aziache.

Geuza kiatu usome kibandiko. Mchoro wa ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ngozi, wavu ni kitambaa, na umbo la almasi ni plastiki, mpira na vinginevyo. Mimi hutazama sehemu ya ndani kwanza, maana ndiyo inayogusa mguu.

Pa pili ni Decathlon, duka kubwa la vifaa vya michezo, kwa raba za kutembelea, koti la mvua na soksi. Huduma ya kupimwa usiitegemee sana, lakini kwa mwanafunzi mwenye pesa kidogo hakuna pazuri zaidi.

Pa tatu ni Emmaüs, mtumba wa hisani ulioanzishwa na padri Abbé Pierre mwaka 1949. Sweta za sufu na makoti ya hapo nayapenda mno. Viatu siwashauri: soli imeshalalia mguu wa mwenyewe wa kwanza. Gulio la barabarani naliweka mwisho, kwa sababu utajaribia kiatu umesimama mguu mmoja, na kesho muuzaji yuko mji mwingine.

Kwa baridi, anza na nguo ya ndani. Fulana za Thermolactyl za Damart, kampuni ya Roubaix, ni nyepesi na zinaokoa kuliko koti zito.

Punguzo kubwa, soldes, huja Januari na mwishoni mwa Juni. Uliza kabla ya kulipa kama wanarudisha, kwani sheria inakupa siku 14 ukinunua mtandaoni, si dukani. Na kama huishi Umoja wa Ulaya, manunuzi ya zaidi ya yuro 100 duka moja yanakupa haki ya kurudishiwa kodi: omba fomu ya détaxe ukiwa na pasipoti, uithibitishe uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo. Mama hatukumwombea fomu hiyo. Risiti yake ya yuro 130 bado iko kwenye droo yangu.