Soda ziro kwa mtoto wa kisukari, miaka mitatu ya kuzitumia

Wazazi wenzangu wenye watoto wa kisukari aina ya kwanza, binti yangu anakunywa hizi soda ziro, zile zisizo na sukari kabisa, tangu alipogundulika akiwa na miaka sita, sasa ana tisa, na nazipenda kweli. Soda ya kawaida, kopo la mililita 330, ina kama gramu 35 za sukari, hapo lazima nihesabu wanga nimchome insulini kwanza, ila ziro anakunywa kwenye bethdei ya mwenzie na sensa, kile kifaa cha mwilini kinachopima sukari, haishtuki, mstari wa sukari umelala tu. Kumuona ameshika kopo kama watoto wengine bila kuniangalia usoni kwanza, jamani, kwangu hiyo peke yake ni nyota nne.

Ladha iko poa ikiwa ya baridi sana, ubaridi ukiisha kuna kautamu kanabaki kwenye ulimi. Cola ziro ina kafeini kwahiyo usiku simpi, na sio ya kila siku maana ile asidi inakula meno hata kama sukari haimo. Kiu ni maji.

Kilio changu ni hizi za "sukari kidogo". Nilinunua chupa ya nusu lita, mbele maneno makubwaa kwamba sukari imepunguzwa, nikajua ni ndugu yake ziro, mtoto kamaliza yote, saa moja na nusu baadae sukari yake ya damu kutoka 7 iko 14. Nageuza chupa nyuma, maandishi madogo kama chawa, gramu 4.5 kwa kila mililita 100. Piga hesabu, zaidi ya gramu 22 na sijamchoma hata yuniti moja! Nyota moja, na hiyo moja nimewaonea huruma tu. Hata juisi "haijaongezwa sukari" msiiamini, ya tunda lenyewe imo.

Mnaoogopa aspatamu, ule utamu wa bandia unaowekwa kwenye ziro nyingi, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) walisema huenda inahusiana na saratani lakini kikomo kikabaki kilekile, miligramu 40 kwa kilo ya uzito kwa siku, kopo la mara mojamoja halifiki huko.

Ila kilichonitetemesha zaidi ni siku sukari yake ilishuka 3.2 mimi sipo. Bibi yake akakimbilia friji akampa soda, kumbe ziro, wakakaa wakisubiri ipande na mtoto anatoka jasho shingoni, dakika kumi na tano wanapima tena, 2.9. Mama kanipigia analia, nikamwambia mama mpe glukosi iliyo kwenye begi lake la shule, ndo ikapanda taratibu hadi 4.6. Makopo yanafanana mno, rangi tu, nani anaangalia rangi akiwa kwenye hofu?

Siku hizi soda yenye sukari inakaa mlangoni mwa friji imezungushiwa plasta nyekundu, juu yake binti kaandika mwenyewe kwa mwandiko wake, DAWA YANGU MSINYWE.