Sungura mzee mwenye ugonjwa wa moyo: vipimo kamili au dawa kwanza?

Eksirei ya kifua na ultrasaundi ya moyo zina faida moja kubwa: zinatofautisha. Moyo uliotanuka na maji kwenye mapafu hukatiza pumzi, lakini hata uvimbe wa thaimasi, tezi iliyo kifuani karibu na moyo, hufanya hivyo, tena hutokeza macho, na dawa ya moyo haiutibu. Hatari ya vipimo hivi ni hofu. Sungura anayehema kwa shida akilazwa chali anaweza kufia mezani, ndiyo maana daktari mzoefu humpa oksijeni kwanza na kumpiga picha akiwa amekaa kwa tumbo. Asinyimwe nyasi kabla ya kwenda. Sungura hatapiki, na njaa husimamisha matumbo.

Njia ya pili ni kuanza furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, kwa majaribio, dozi ikipangwa na daktari kwa uzito, huku ukihesabu pumzi nyumbani. Mhesabu akiwa amelala: mbavu kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Kawaida ni 30 hadi 60 kwa dakika. Dawa hii hukojoza sana. Maji yakipungua mwilini, kinyesi huwa kidogo na kikavu, na figo zilizozeeka huumia. Bakuli la maji ni bora kuliko chupa ya kulamba.

Akiwa ametulia, vipimo vitangulie. Akihema vibaya, oksijeni na furosemaidi kwanza, picha baadaye. Akipumua kwa mdomo, hiyo ni dharura, maana sungura hupumua kwa pua.