Great Vibes: fonti ya majina, si ya maelezo

Kwa kadi za mwaliko na vyeti, fonti ya mwandiko wa kuunganisha ninayoanza nayo ni Great Vibes ya Robert Leuschke. Inapatikana bure Google Fonts kwa leseni ya SIL Open Font, hivyo hata kazi ya kulipwa inaruhusiwa; marufuku ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Uzuri wake wote uko kwenye herufi kubwa, na hapohapo ndipo wengi wanapoiharibu. Kila herufi kubwa imechorwa iongoze neno. “Amina” inapendeza; “AMINA” ni fundo la uzi, maana mikia inapitana. Herufi ndogo nazo ni fupi, kwa hiyo pointi 24 huonekana ndogo kuliko pointi 24 za fonti ya kawaida. Kwenye karatasi sishuki chini ya hapo, na jina la mhusika huliandika kwa pointi kati ya 48 na 72. Tarehe, saa, namba za simu na mahali viandikwe kwa fonti iliyosimama, kama Cormorant Garamond.

Nafasi kati ya herufi iache sifuri. Ukiiongeza hata kidogo, viungo vinaachana na neno linabaki vipandevipande. Kitufe cha kukoleza (Bold) usikiguse: fonti hii ina uzito mmoja tu, kwa hiyo programu hunenepesha mistari kwa kubahatisha na vitanzi vidogo vya “e” vinaziba. Kwa maneno kama ng’ombe, weka alama iliyopinda (’), kwani ile iliyonyooka inaonekana ngeni kabisa katikati ya mwandiko huu.

Uchapaji ndio mtihani mkubwa. Mistari yake myembamba ichapwe kwa rangi moja nzito. Rangi hafifu ya kuchanganywa hutengenezwa kwa vitone vya wino kadhaa, na sahani za uchapaji, yaani bamba la kila rangi, zikipishana kidogo tu, ukingo unaonekana una ukungu. Maandishi meupe juu ya nyeusi yana hatari nyingine: wino hutambaa na kuimeza mistari hiyo. Kabla ya kutuma faili, geuza maandishi kuwa michoro (outlines), la sivyo kompyuta isiyo na fonti hii itaweka nyingine. Kwa stika za kukatwa kwa mashine, unganisha kwanza herufi zote ziwe umbo moja. Usipofanya hivyo, kisu kinapita kila zinapopandana na jina linatoka limekatikakatika.

Kwenye tovuti, tatizo ni mikia kukatwa, hasa ndani ya kisanduku kinachoficha kinachozidi. Nafasi ya mistari ya 1.5 na pambizo ya ndani kidogo pande zote huitatua. Word nayo hukata vichwa vya herufi ukiweka kipimo kamili cha mstari (Exactly) kilicho kidogo. Chagua nafasi ya kuzidisha (Multiple) badala yake.